Vumbi Lililotuweka Katikati

Sisi tuko wapi? Siulizi habari za Dar, Nairobi wala Mombasa. Nauliza juu zaidi: katika lundo hili la nyota tunaloliita Njia Nyeupe, sisi na jua letu tumepangishwa chumba gani? Linaonekana swali la mtu aliyeshushwa stendi usiku wa manane, lakini ni swali la historia, tena historia ndefu. Wataalamu wa nyota, watu wenye darubini na hesabu za kutisha, walilijibu vibaya kwa karibu karne moja na nusu. Toka mwaka 1785 hadi 1930 wengi wao walishikilia kwamba tuko katikati, au jirani kabisa na katikati. Walihesabu, wakapima, wakapiga picha, na karibu kila walipofika mwisho wa hesabu jibu lilikuwa lile lile: katikati. Wapi! Tuko pembeni, uswahilini kabisa. Aliyewazuga hakuwa padri wala mfalme. Lilikuwa vumbi.

Ndugu msomaji, usiniulize vumbi la nyota linatafuta nini kwenye jarida la watunzi chipukizi. Kisa hiki si cha watu wavivu au waongo. Ni cha watu waaminifu, wachapakazi, wenye ushahidi tele mezani, ambao walikosea kwa sababu ushahidi wao wote ulikuwa umepita njia moja. Na sisi tunaotaka kuandika habari za watu na mitaa yetu tunakaa na ushahidi wa namna hiyo kila siku.

Hebu fikiri umesimama Lushoto alfajiri, ukungu umeshuka. Unaona mita ishirini mbele, mita ishirini nyuma, ishirini kulia na ishirini kushoto. Ukiambiwa uchore ramani ya unachokiona utachora duara, na wewe upo katikati. Mwenzako aliyesimama nusu kilometa kutoka hapo naye atachora duara lake, naye yupo katikati. Hakuna anayesema uongo. Kwenye ukungu kila mtu ni mfalme wa duara lake mwenyewe. Sasa shika mfano huo vizuri, maana ndiyo habari yote.

Jamaa wa kwanza kuchora ramani ya Njia Nyeupe kwa kuhesabu alikuwa William Herschel. Alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akahamia Uingereza akiwa mwanamuziki. Mchana anafundisha na kupiga kinanda, usiku anasugua vioo vya darubini kwa mikono yake. Mwaka 1781 akaigundua sayari ya Uranus, jina likavuma, muziki akauweka kando. Dada yake Caroline alikuwa akikaa naye usiku kucha, akiandika kila alichokiona kaka yake. Na yeye mwenyewe, kwa darubini yake, aligundua nyota kadhaa zenye mkia.

Herschel aliielekeza darubini kwenye mamia ya sehemu za anga na kuhesabu nyota zilizomo. Wazo lake lilikuwa rahisi. Kama nyota zimesambaa sawasawa, na kama darubini inafika mpaka ukingoni, basi penye nyota nyingi ukingo uko mbali, penye nyota chache ukingo uko karibu. Mwaka 1785 akatoa mchoro: umbo bapa lililochanikachanika upande mmoja, na jua letu si mbali na katikati. Kulikuwa na sharti jingine ambalo hesabu hiyo ililihitaji kimyakimya, kwamba hapa katikati ya nyota na jicho hakuna kitu. Nafasi tupu. Mwanga unasafiri bila kulipa ushuru.

Lakini Herschel huyo huyo alikutana na jambo la ajabu. Katika nyota za Nge, mahali penye msongamano mkubwa, aliona sehemu nyeusi isiyo na nyota hata moja. Akaiandika kama tundu, yaani uwazi katika mbingu. Caroline hakuisahau. Mwaka 1833 mwana wa William, John Herschel, alipokuwa anajiandaa kwenda Afrika Kusini kutazama anga la kusini, shangazi huyu aliyekuwa amevuka miaka 80 alimwandikia akimhimiza aikague ile sehemu ya Nge. John alikaa Rasi ya Tumaini Jema toka 1834 hadi 1838, akaziona sehemu nyingi za namna hiyo. Baba aliona matundu, mwana akaona matundu. Hakuna aliyefikiri kwa dhati kwamba huenda si tundu bali ni pazia.

Mtu wa kwanza kuushtukia mchezo kwa hesabu alikuwa Wilhelm Struve, mkuu wa kituo cha nyota cha Pulkovo, karibu na St. Petersburg nchini Urusi. Mwaka 1847 alitoa kitabu kwa Kifaransa kuhusu mpangilio wa nyota. Alichokiona ni hiki: ukihesabu nyota upande wowote, zinapungua msongamano kadiri unavyokwenda mbali na sisi. Upande huu zinapungua, upande ule zinapungua. Akajiuliza, hivi inawezekana kweli kila kitu kipungue kwa kuanzia mlangoni kwetu? Au ni mwanga unaopotea njiani, na nyota za mbali hatuzioni kwa sababu hiyo? Akachagua la pili. Akathubutu hata kutaja kiasi. Kwa vipimo vya leo, makadirio yake ni kwamba katika safari ya miaka ya nuru 3,260 mwanga unapoteza karibu asilimia 60. (Mwaka wa nuru ni umbali, siyo muda: ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima, na mwanga unakimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja.) Jibu hilo la mwaka 1847 haliko mbali na linalotumika leo.

Je, walimpokea kwa vigelegele? Thubutu! Wengine walimpinga, wengi zaidi walimpuuza. Na tukiwa waadilifu, sababu hazikosekani. Struve hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alisema kuna kitu kinachozuia mwanga, lakini hakuweza kukishika, kukipiga picha wala kukipima kwa njia nyingine. Zaidi ya hapo, kumkubali kulikuwa na gharama. Wataalamu walipima umbali wa nyota nyingi kwa kutazama ukali wa mwanga wake: hafifu ni ya mbali, kali ni ya karibu. Ukikubali kuna vumbi, kila umbali wa namna hiyo unatiwa shaka, na kazi ya miaka inarudi mezani. Nani anapenda kuambiwa hivyo?

Picha zilikuja, na aliyezileta kwa wingi alikuwa mtoto wa maskini. Edward Emerson Barnard alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1857. Baba alikufa kabla hajazaliwa. Shule alisoma kwa muda wa miezi miwili hivi tu, na akiwa na miaka tisa mama yake akampeleka kwenye studio ya picha. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya paa na kuzungusha mtambo mkubwa wa kukuza picha ili ulifuate jua. Hapo akajifunza mambo mawili ambayo chuo kisingempa kwa pamoja: kamera na mbingu. Alipokua akaanza kutafuta nyota zenye mkia, maana tajiri mmoja alikuwa akitoa zawadi ya dola 200 kwa kila nyota mpya ya namna hiyo. Barnard alizipata za kutosha mpaka akajenga nyumba. Jirani wanalipa nyumba kwa mshahara, yeye analipa kwa nyota!

Toka 1889, akiwa kituo cha Lick, California, Barnard alipiga picha za Njia Nyeupe ambazo hazijawahi kuonekana. Mawingu ya nyota kama unga uliomwagika, na katikati yake michirizi myeusi, vidimbwi vyeusi, njia nyeusi zinazopinda kama mto. Sasa cha kushangaza: Barnard mwenyewe, aliyezipiga, kwa miaka mingi alisita kukubali kwamba ni vitu vilivyo mbele ya nyota. Naye alianza na habari ya matundu. Usiku mmoja wa kiangazi cha mwaka 1913 aliona vijiwingu vidogo vya kawaida vya angani vikipita mbele ya Njia Nyeupe. Vilikuwa vyeusi, vina umbo, na vilifanana kabisa na yale madoa ya kwenye picha zake. Mwaka 1919 akachapisha orodha ya madoa 182. Akafa mwaka 1923, na kitabu chake kikubwa cha picha kikatoka mwaka 1927: picha 51, nakala 700, na picha za kila nakala ni halisi za kusafishwa, ambazo alizikagua mwenyewe.

Basi, wingu jeusi moja moja likakubalika. Kulikuwa hata na ushahidi wa aina nyingine, na hapa wakulima wa kwetu wana jambo lao. Unakijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota lililowapa wazee ishara ya msimu wa kulima. Ukilitazama kwa darubini nzuri utaona utandu wa buluu umezizunguka nyota zake. Desemba 1912, kule Arizona, Vesto Slipher aliukamata mwanga wa utandu huo kwa muda wa saa 21 na kuuchambua rangi zake. Akakuta ni mwanga ule ule wa nyota za Kilimia, umerudishwa tu kama unavyorudishwa na moshi uliomulikwa na taa. Kuna vitu vidogovidogo pale. Lakini wingu kwenye Kilimia au doa kwenye Nge si lazima liwe ukungu wa mji mzima. Mtu anaweza kukubali kwamba jirani anachoma taka bila kukubali kwamba moshi umejaa mtaa wote. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tuje kwa mtu ambaye kwangu ndiye moyo wa kisa hiki. Jacobus Kapteyn, Mholanzi, alizaliwa mwaka 1851. Alikuwa profesa Groningen lakini hakuwa na darubini, chuo hakikumpa. Alichofanya ni kumwandikia David Gill, aliyekuwa akipiga picha za anga kule Cape, Afrika Kusini, kwamba nitumie picha zako, mimi nitazipima. Akakaa miaka mingi ndani ya vyumba vya kuazima, akipima doa moja baada ya jingine. Orodha iliyotoka mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na nyota 454,875. Rudia kusoma hiyo namba taratibu. Jamaa hakuwa na mchezo.

Kapteyn alijua kabisa hatari ya vumbi. Mwaka 1909 aliandika kuhusu kupotea kwa mwanga angani, na alijua namna ya kulitega. Kama kuna chembe ndogo njiani, hazitazuia rangi zote sawasawa. Tazama jua la jioni, au jua wakati watu wanachoma mashamba: linafifia, na pia linakuwa jekundu. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Mawimbi ya buluu ni mafupi, yanagongana na chembe na kutawanyika huku na huku. Mawimbi mekundu ni marefu, yanapenya kirahisi zaidi. Kinachofika kwenye jicho kimepungua buluu, kwa hiyo kinaelekea wekundu. Vumbi halipaki rangi nyekundu; linanyang'anya buluu. Basi mtego ni huu: zikague nyota za mbali sana. Zikiwa nyekundu kuliko inavyostahili, vumbi lipo. Zisipokuwa, hakuna.

Mtego ukategwa na Mmarekani kijana, Harlow Shapley. Alichunguza makundi makubwa ya nyota yaliyobanana kama mpira, yaliyo mbali mno, likiwemo lile liitwalo M13. Akakuta humo nyota za buluu, safi kabisa. Hukumu ikatoka: anga ni peupe. Kapteyn akaukubali ushahidi huo kama mwanasayansi mwadilifu, akaliweka vumbi kando. Mwaka 1922 akachapisha picha yake ya mwisho ya ulimwengu wa nyota: bapa, upana wa miaka ya nuru kama 40,000, na jua liko jirani na katikati. Mwaka huo huo akafariki.

Tatizo lilikuwa wapi? Vumbi la Njia Nyeupe limelala bapa, tabaka jembamba, kama vumbi la barabara ya bara ambalo halipandi juu ya miti. Ukimulika kwa mbele, huoni kitu. Ukimulika juu, unaona mbingu. M13 liko juu, nje ya tabaka. Nyota za Kapteyn nyingi ziko mbele, ndani ya tabaka. Shapley aliangalia juu akasema njia ni nyeupe, na Kapteyn akaamini mpaka mbele.

Na Shapley naye hakusalimika. Mwaka 1918 alifanya jambo kubwa: kwa kutumia makundi yale yaliyo nje ya vumbi alionyesha kwamba kitovu cha Njia Nyeupe kiko mbali na sisi, upande wa nyota za Mshale. Hapo alipatia. Lakini kwa kutojali vumbi, pamoja na makosa mengine ya vipimo, aliifanya galaksi yetu iwe na upana wa miaka ya nuru 300,000, kubwa mno. Tarehe 26 Aprili 1920 kule Washington alikutana mbele ya wataalamu na Heber Curtis. Curtis alikataa ukubwa huo, akang'ang'ania galaksi ndogo yenye sisi karibu na katikati. Ila yeye alikuwa ameona michirizi myeusi kwenye galaksi nyingine zinazotazamwa kwa ubavu, na akasema hata yetu lazima inayo. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli, wakarudi nyumbani.

Kitendawili kilihitaji mtu wa vipimo viwili. Robert Trumpler alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1886, akahamia Marekani mwaka 1915, akafanya kazi Lick, kituo kile kile ambapo Barnard alianzia picha zake. Trumpler alichukua makundi 100 madogo ya nyota, ya aina ya Kilimia, yaliyo humo humo ndani ya tabaka la Njia Nyeupe. Akapima umbali wa kila kundi kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya mwanga. Ukiuchambua mwanga wa nyota unapata mistari inayokuambia ni nyota ya aina gani, kama kitambulisho, na hivyo unajua inapaswa kung'aa kiasi gani. Unalinganisha na inavyoonekana, unapata umbali. Ya pili ni ya ukubwa. Kama makundi ya aina moja yana upana unaokaribiana, linaloonekana dogo liko mbali, linaloonekana pana liko karibu. Ni kama kukisia umbali wa daladala kwa udogo wake machoni.

Njia mbili zilipaswa kukubaliana. Hazikukubaliana. Kwa njia ya mwanga, makundi ya mbali yalitokea kuwa makubwa kuliko ya karibu, na kadiri yalivyokuwa mbali ndivyo yalivyozidi kunenepa. Tena pande zote! Yaani eti makundi ya nyota yamepangwa kwa ukubwa kuanzia kwetu, madogo mlangoni, makubwa mbali. Trumpler hakulimeza hilo. Fanya hesabu ndogo: kama vumbi limekula robo tatu ya mwanga, ikabaki robo, wewe usiyejua vumbi utadhani kundi liko mbali mara mbili ya ukweli. Na kwa kuwa unalidhania mbali mara mbili, utalipa upana mara mbili. Unene ule haukuwa wa nyota. Ulikuwa wa vumbi.

Mwaka 1930 akachapisha. Kwa mwanga ulionaswa na picha za wakati ule, karibu nusu hupotea katika kila miaka ya nuru 3,260 ndani ya tabaka. Akaongeza na ushahidi wa rangi: nyota za mbali zilizo na kitambulisho cha nyota za buluu zilionekana zimebadilika rangi kuelekea wekundu. Kitambulisho kinasema hivi, sura inasema vile. Mtego wa Kapteyn ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Uliwekwa mahali pasipo na panya. Toka kitabu cha Struve ilikuwa imepita miaka 83.

Baada ya hapo mambo yakakaa sawa. Galaksi ya Shapley ikapungua, ulimwengu wa Kapteyn ukaonekana ulivyo: duara la mtu aliyesimama kwenye ukungu. Leo tunajua kitovu kiko umbali wa miaka ya nuru 26,000 na ushee. Tunajua pia vumbi lenyewe ni la namna gani: punje za mawe ya silika na za kaboni, nyingi zikiwa na upana wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kiasi cha chembe za moshi wa sigara. Ni chache mno. Sanduku lenye mita 100 kila upande linaweza kuwa na punje chache tu za ukubwa huo. Lakini njia ni ndefu, na vichache vikirudiwa kwa maelfu ya miaka ya nuru vinatosha kuziba macho. Kutoka kwenye kitovu cha galaksi, katika kila chembe trilioni moja za mwanga tunaouona kwa macho, inafika moja hivi. Moja!

Na dawa ilitoka kwenye ile ile tabia ya vumbi ya kupendelea mawimbi marefu. Yapo mawimbi marefu kuliko mekundu, ambayo jicho halioni: infraredi. Kwa baadhi ya hayo, kutoka kitovuni inafika karibu sehemu moja katika kumi. Mwaka 1966 Eric Becklin alikitazama kitovu kwa mionzi hiyo na kukiona. Toka miaka ya 1990 makundi mawili, moja la Reinhard Genzel likitumia darubini za Chile na jingine la Andrea Ghez likitumia za Hawaii, yalifuatilia nyota zinazozunguka kitu kisichoonekana pale katikati, chenye uzito wa jua milioni nne. Mwaka 2020 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Roger Penrose.

Usidhani lakini vumbi limestaafu. Machi 2014 wataalamu wenye darubini kwenye Ncha ya Kusini walitangaza kwamba wamenasa alama za mtikisiko wa mwanzo kabisa wa ulimwengu. Dunia nzima ikapiga makofi. Mwanzoni mwa 2015, baada ya kulinganisha na vipimo vya chombo cha Planck, ikaonekana kwamba alama ile iliweza kuelezwa na vumbi la Njia Nyeupe. Lile lile.

Sasa, haya yanatuhusu nini sisi tunaoshika kalamu? Mimi nachukua mambo mawili.

La kwanza, kufifia siyo kuwa mbali. Mwandishi anayetafuta historia ya mtaa wake anakuta meneja wa kampuni wa miaka ya 1930 ameacha barua, picha na mafaili; anamwona kama mtu wa jana. Bibi aliyepika maandazi pale pale kwa miaka arobaini, akafa juzi, hakuacha karatasi. Anapewa mstari mmoja, "hapo zamani". Hapo mwandishi amepima umbali kwa ukali wa mwanga. Amesahau kuuliza kuna nini katikati. Bibi hakuwa mbali. Njia ya kutoka kwake hadi kwenye karatasi ndiyo iliyokuwa na vumbi.

La pili, wingi hautibu. Kapteyn alikuwa na nyota karibu nusu milioni, Trumpler alikuwa na makundi 100. Wenye nyingi walikosea kwa sababu kila nyota ilipita kwenye ukungu mmoja, na ukiongeza shahidi wa njia ile ile unazidi tu kujiamini kwenye kosa. Trumpler alifaulu kwa kukipima kitu kimoja kwa njia mbili zisizojuana, halafu, zilipogombana, hakuchagua aliyempenda. Akauliza ugomvi unatoka wapi. Soma gazeti, sawa. Kisha kamuulize mzee aliyekuwepo. Msikilize mzee, sawa. Kisha katafute risiti. Zikitofautiana usikasirike. Pale ndipo habari ilipo.

Tena tusilifanye vumbi kuwa adui. Ndani ya mawingu yale meusi ndimo nyota mpya zinamozaliwa, na dunia hii tunayoikanyaga ilianza kwa punje kama zile kushikana. Tuliyemlaumu kwa kutufungia dirisha ndiye pia aliyetuletea nyumba.

Julai au Agosti, ukipata nafasi ya kulala mbali na taa za mji, au umeme ukikatika mtaa mzima, toka nje mapema usiku na utazame juu. Kwetu huku Nge na Mshale hupita karibu na utosi, bahati ambayo watu wa Ulaya hawana. Utaona Njia Nyeupe imepasuliwa na ufa mweusi mrefu. Ndipo penye tundu la Herschel, ndipo penye madoa ya Barnard, na nyuma yake, kwenye Mshale, ndipo kilipo kitovu. Pale peusi pamejaa.